Viza na Mkimbizi: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wakazi na wageni wa kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeyachapa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Kamati imenipa nusu saa na mada moja: namna ya kuomba viza ya kwenda nchi ya kigeni, kwa matembezi, kwa masomo au kwa kazi. Imechagua mada hii kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na jamaa waliokuwa wameshafanyiwa mahojiano, wengine wameshapimwa afya, wakabaki na mifuko yao imefungwa. Ya pili ni kwamba mlango mmoja ukifungwa, watu wenye tamaa huja kutuuzia madirisha ya uongo, na biashara hiyo tunaiona hapa kambini. Ya tatu ndiyo inayoniuma mimi kama mwalimu: wako vijana wetu waliopata mwaliko wa halali au nafasi ya masomo, ikapotea mikononi mwao. Akili walikuwa nayo. Walichokosa ni karatasi moja kwa wakati wake.

Chuo cha ualimu kilitufundisha kwamba somo lisilogawanywa halishikiki. Basi nitaligawa somo hili katika sehemu sita, na mwenye daftari aandike.

1. Viza ni nini, na si nini

Viza ni ruhusa ya nchi nyingine kwamba mtu huyu, mwenye hati hii, anaweza kufika mlangoni kwetu kwa kazi hii na kwa siku hizi. Nimesema kufika mlangoni. Hata mwenye viza huulizwa tena uwanja wa ndege anakoshukia, na akionekana amesema uongo anaweza kurudishwa kwa ndege ile ile.

Viza ni za aina nyingi. Iko ya matembezi: kuona ndugu, kuhudhuria mkutano, kucheza ngoma katika tamasha. Iko ya masomo. Iko ya kazi. Iko ya kuungana na mume, mke, mzazi au mtoto. Na iko ya kupita tu, ambayo wengi huisahau: ukibadilisha ndege katika nchi ya katikati, nchi hiyo nayo inaweza kukudai viza hata kama hutatoka nje ya uwanja. Usikate tiketi kabla ya kuuliza habari ya kila nchi utakayopitia.

Viza ya aina moja haifanyi kazi ya nyingine. Aliyepewa ya matembezi akafanya kazi amevunja sheria ya nchi hiyo, hata kama tajiri wake ndiye aliyemwambia haina shida.

Jambo la pili la kutenganisha: viza si sawa na kuhamishiwa nchi ya tatu. Kuhamishiwa hakuombwi ubalozini, na hakuna fomu yake inayouzwa sokoni. HCR ndilo linalochagua kesi kwa kuangalia hatari na mahitaji ya watu, kisha nchi inayopokea huamua yenyewe. Duniani kote wanaohamishwa kwa njia hiyo kila mwaka hawafiki mmoja katika kila wakimbizi mia. Huduma yote ni ya bure, kuanzia siku ya kuandikishwa mpaka ndege. Anayekudai pesa, hata kama ana kitambulisho shingoni na kalamu mfukoni, ni mwizi.

2. Hati ya kusafiria

Viza hubandikwa juu ya hati. Asiye na hati hana pa kubandikiwa. Hapo ndipo safari ya mkimbizi inapoanza kuwa tofauti na ya watu wengine, maana pasipoti hutolewa na nchi ya mtu, nasi tumeikimbia nchi yetu.

Tatizo hili si geni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Warusi wengi walijikuta Ulaya bila uraia wala karatasi. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen wa Norway, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, alisimamia kutolewa kwa hati iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen. Serikali zaidi ya hamsini ziliikubali. Mtunzi wa muziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall walikuwa miongoni mwa walioitumia. Nawatajia hawa ili mtoto wa Dzaleka ajue kwamba hati ya mkimbizi haijawahi kuwa karatasi ya aibu.

Leo hati yetu imesimama juu ya Mkataba wa Wakimbizi wa 28 Julai 1951, kifungu cha 28. Kifungu hicho kinasema kwamba nchi itampa mkimbizi anayekaa kwake kihalali hati ya kusafiria nje, isipokuwa kama kuna sababu nzito za usalama wa taifa au amani ya umma. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, kifungu cha 6, unasema mambo yanayofanana na hayo. Malawi imo katika Mkataba wa 1951 tangu mwaka 1987.

Nyuma ya Mkataba huo kuna nyongeza ambayo watu hawaisomi, nayo ina mambo ya maana. Ada ya hati isizidi ada ya chini kabisa inayotozwa kwa pasipoti za wenyeji. Hati idumu mwaka mmoja au miwili. Nchi iliyoitoa inawajibika kumpokea tena mwenye nayo wakati wowote hati ingali hai. Lakini pia nyongeza inasema kwamba hati haikupi uraia, wala haikupi haki ya kutetewa na ubalozi wa nchi iliyoitoa. Ukipata matatizo ugenini ukiwa na hati hiyo, usitegemee balozi wa Malawi akusimamie kama Mmalawi.

Hati hutolewa na serikali. HCR linaweza kukusaidia kueleza shida yako, lakini halipigi muhuri. Kwa hiyo anza ofisi ya Meneja wa Kambi, uliza utaratibu wa Idara ya Wakimbizi na wa Uhamiaji, peleka barua ya mwaliko au ya shule, na uweke nakala ya kila karatasi unayoiacha mezani kwa mtu. Hakikisha pia kwamba hati ni ya aina inayosomwa na mashine. Tangu tarehe 24 Novemba 2015, kwa makubaliano ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hati zilizoandikwa kwa mkono zilipaswa kuwa zimeondoka katika matumizi.

Sasa fanyeni hesabu. Nchi nyingi hudai hati iwe na miezi kadhaa ya uhai baada ya siku ya kurudi, mara nyingi mitatu, pengine sita. Hati ya mwaka mmoja iliyodaiwa akiba ya miezi sita imebakiwa na miezi sita tu ya kufanyia kazi. Ikilala sandukuni miezi mitatu, imebaki mitatu. Ndiyo maana nasema: usiombe hati ili uwe nayo tu kama pambo, na ukiwa na sababu ya kweli ya kuiomba, usingoje hata wiki.

Na hapa kuna shimo ambalo lazima nilionyeshe kwa kidole. Wapo wanaosema, kwa nini nihangaike? Nitakwenda ubalozi wa nchi yangu, nichukue pasipoti, niombe viza kama mtu mwingine. Ndugu zangu, Mkataba huo huo, kifungu cha 1, sehemu ya C, unasema ulinzi wa mkimbizi hukoma kwa mtu aliyejiweka tena kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake. Kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia kunaweza kuhesabiwa hivyo. Unaweza kukosa viza na ukapoteza ukimbizi pia. Kabla ya kugusa jambo hilo, kaa na afisa wa ulinzi, mweleze, na usikie ushauri wake.

3. Bahasha ya maombi

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme binti wa kambi hii ameitwa kwenye mkutano Ujerumani, kuanzia tarehe 10 mpaka 14 Oktoba. Ujerumani imo katika nchi za Schengen, ambazo zina viza moja ya muda mfupi: siku zisizozidi 90 katika kila siku 180.

Ada ya viza hiyo kwa mtu mzima iliwekwa kuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa hairudishwi. Maombi hupokewa mapema kiasi cha miezi sita kabla ya safari. Kwa binti yetu ni kuanzia tarehe 10 Aprili. Mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini ubalozi unaruhusiwa kufika siku 45. Basi mwenye busara huhesabu 45: bahasha iwe imeshafika kabla ya tarehe 26 Agosti. Hati yake iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai mpaka tarehe 14 Januari, yaani miezi mitatu baada ya kuondoka huko. Awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu. Aeleze atalala wapi, nani anamlipia, na atarudi kwa ndege gani.

Nchi nyingine zina masharti yao, na masharti hubadilika. Marekani, kwa mfano, ilipandisha ada ya viza ya matembezi kuwa dola 185 mwaka 2023. Juni 2025 iliweka nchi kadhaa katika orodha ya kuzuiwa, na Burundi iliwekewa mipaka katika viza za matembezi na za masomo. Mburundi aliyeko Malawi asidhani amepona kwa sababu yuko Malawi: wanachoangalia ni uraia wake. Kwa hiyo usiulize jirani aliyesafiri miaka mitano iliyopita. Masharti ya leo yanatoka kwa ubalozi wenyewe. Tena nchi kadhaa hazina ofisi ya viza Lilongwe. Karatasi, na pengine hati yenyewe, husafirishwa nchi nyingine. Ongeza majuma hayo katika hesabu yako, na usiitoe hati kabla ya kupiga nakala ya kila ukurasa.

Sasa niseme juu ya majina, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi huanguka. Mkongomani ana jina lake, ana jina la pili, na ana jina la ubatizo. Fomu ya Wazungu ina visanduku viwili tu: jina la ukoo na jina la kupewa. Siku moja unaweka hivi, siku nyingine vile, na kompyuta inawaona watu wawili. Kwa Warundi na Wanyarwanda, na kwa Wakongomani wengi, baba ana jina lake na mtoto ana lake. Konsula anashangaa mtoto huyu ni wa nani. Kuna L na R zinazobadilishana mahali kulingana na masikio ya aliyeandika. Kuna tarehe ya 1 Januari waliyoandikiwa wote ambao hawakuijua siku yao.

Dawa yake ni hii. Chagua mpangilio mmoja, ule ulio katika kadi yako ya ukimbizi, na uufuate katika kila karatasi: shule, kliniki, fomu ya viza, hata barua ya mwaliko. Kama kadi yenyewe ina kosa, omba isahihishwe kabla ya kuanza safari ya viza. Usisahihishe kwa kalamu yako. Na kama baba na mtoto hawashiriki jina, andika barua fupi kueleza desturi yetu, na uambatanishe cheti cha kuzaliwa au uthibitisho wa familia.

Vyeti vyetu vingi vya Kongo na Burundi ni vya Kifaransa. Mahali wanapodai Kiingereza, tafsiri iwe ya mtafsiri anayekubalika na ubalozi. Kijana aliyejitafsiria diploma mwenyewe, hata kwa Kiingereza kizuri, ameharibu bahasha yake.

Mwisho, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 kinahesabiwa kuwa cha maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa akitunze kama anavyotunza kadi ya chakula.

4. Mahojiano, na swali la kurudi

Swali kubwa la viza ya matembezi ni moja: utarudi? Sheria ya uhamiaji ya Marekani, katika sehemu yake ya 214(b), humhesabu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba sivyo. Nchi za Schengen nazo hukataa zikiwa na mashaka ya maana juu ya nia ya mtu kurudi.

Mtu mwingine hujibu kwa kuonyesha shamba, nyumba, mshahara, akaunti ya benki. Sisi tutaonyesha nini? Malawi iliweka pingamizi katika vifungu vya Mkataba vinavyohusu kazi za mshahara na uhuru wa kutembea. Wengi wetu hatuna mshahara, tuna posho. Shamba hatuna. Nyumba zetu tumezijenga juu ya ardhi isiyo yetu. Na aliyekuwa na duka Lilongwe alirudishwa kambini kufuatia agizo la 2023. Tunaulizwa kama tutarudi mahali ambapo hatukupanga kuja. Swali hili ni gumu, na sitawadanganya kwamba lina jibu jepesi.

Lakini lina jibu la kweli, na hilo ndilo la kupeleka. Mwalimu wa kambi apeleke barua ya mwalimu mkuu inayosema anafundisha darasa gani na tarehe gani anatarajiwa kazini. Mwanakikundi apeleke barua ya kikundi. Mzazi aeleze watoto anaowaacha na nani. Aliyewahi kusafiri akarudi, hata Zambia au Msumbiji, apeleke nakala ya mihuri. Anayelipiwa asijifanye tajiri. Apeleke barua ya anayemlipia. Pesa ya kuazima inayoingia katika akaunti wiki moja kabla ya maombi haimdanganyi mtu anayesoma taarifa za benki kila siku.

Mbele ya konsula, jibu ulichoulizwa, kwa ufupi. Ukiwa na mdogo wako Kanada, sema ninaye. Ukishawahi kukataliwa viza, sema niliwahi. Uongo mdogo juu ya ndugu humfunga mtu miaka mingi kuliko ukweli unaomwogopesha. Na maneno yako yafanane na yale yaliyoko katika faili lako la ukimbizi. Mwanamke aliyesema kwa HCR kwamba ameolewa, kisha akaandika ubalozini kuwa hana mume, amejitengenezea kesi mbili mbaya kwa siku moja.

Ukikataliwa, usilie barabarani. Soma barua. Ubalozi wa Schengen hutoa fomu yenye sababu iliyotiwa alama, na kuna haki ya kukata rufaa. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana, itafute uombe tena. Kama sababu ni mashaka ya kurudi, kuomba tena kesho kwa karatasi zile zile ni kutupa ada.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linazungumzwa kwa sauti ya chini. Kuomba hifadhi ni haki ya mtu aliye hatarini, popote alipo, nami simhukumu yeyote aliyeitumia. Lakini aliyesema atarudi baada ya siku tano, na alijua tangu hapa kwamba harudi, ameutumia mlango ambao wengine walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Mwaka unaofuata kikundi kile kinaalikwa tena, na konsula anakumbuka. Tulizungumze hili wenyewe kwa wenyewe, kwa heshima, kabla ya kuzungumziwa na wengine.

5. Njia zilizo wazi, na madalali

Njia za halali ni nyembamba, lakini zipo, na zote huanza kwa kusoma.

Shirika la Kanada linaloitwa WUSC limekuwa likidhamini wanafunzi wakimbizi tangu 1978, na vijana wa Dzaleka wamo miongoni mwa waliopita. Anayechaguliwa hufika Kanada akiwa mkaaji wa kudumu, si mgeni wa muda. Italia ina mpango wa vyuo vikuu uitwao UNICORE, ulioanza 2019 kwa wanafunzi waliokuwa Ethiopia, kisha ukaenea nchi nyingine za Afrika. Na msaada wa masomo wa DAFI, unaogharamiwa hasa na Ujerumani tangu 1992, humsomesha mkimbizi chuo kikuu katika nchi ile ile iliyompokea. Huo haudai viza hata moja, na nashangaa jinsi vijana wanavyoupita wakikimbilia picha za ndege.

Kwa wenye jamaa walioshapokewa ng'ambo, saa inahesabu. Kanada humpa mkimbizi aliyepokewa mwaka mmoja wa kuomba mke au watoto waliobaki wamfuate kwa njia ya haraka. Sheria ya Marekani imeweka miaka miwili kwa ombi kama hilo. Masharti yana sharti mama: jamaa huyo awe alitajwa tangu mwanzo. Mtoto aliyefichwa siku ya kuandikishwa, kwa kudhani kesi itakuwa nyepesi, anaweza kuzuiwa baadaye kumfuata mzazi wake. Andikisheni watoto wenu wote.

Viza ya kazi nayo ina mpangilio wake: kwanza mwajiri, kisha mkataba, kisha kibali cha kazi kutoka nchi hiyo, na mwisho viza. Anayekuambia uanze na viza ya matembezi, kazi utaipata huko huko, anakupeleka utumwani. Nasema utumwa kwa kipimo. Mwaka 2023 vyombo vya habari vilieleza habari za wanawake wa Malawi waliopelekwa Oman wakiahidiwa kazi nzuri za nyumbani, wakajikuta wamenyang'anywa pasipoti na kupigwa, na serikali ikalazimika kuwarudisha makumi yao. Huko kuna utaratibu uitwao kafala: mwajiri ndiye mdhamini wa ukaaji wako, na kumwacha bila idhini yake kunaweza kukufanya wewe uwe mkosaji. Na tusidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2022 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayopambana na dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na polisi wa Malawi, walitangaza hadharani kwamba wafanyabiashara wa binadamu walikuwa wakiitumia kambi yetu hii. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mtamtambua dalali kwa alama hizi. Anataka pesa kwa simu, kwa jina la mtu mwingine. Anasema nafasi zinafungwa leo jioni. Anaahidi viza kabla ya kuona hati yako, wakati hata balozi mwenyewe haahidi. Barua yake ina nembo ya ubalozi lakini anwani yake ni ya kawaida ya mtandao, kama yangu na yako. Anataka umwachie kadi yako ya ukimbizi. Anakwambia usimwambie mtu. Hata moja tu ya hizi inatosha kukufanya uondoke. Kabla ya kuuza mbuzi, mabati au mashine ya kushonea, njoo kwa Kamati na karatasi uliyopewa. Hatutakucheka, wala hatutaitangaza habari yako.

6. Neno kwa wageni wetu

Ndugu wa serikali na wa mashirika, tunawashukuru, na kwa kuwa mko hapa naomba mambo manne.

La kwanza: mkitualika mikutanoni, tualikeni mapema. Mwaliko wa wiki tatu kwa mwenye pasipoti ni mwaliko. Kwa mkimbizi ni salamu tu. Anahitaji kibali cha kutoka kambini, hati, miadi ya ubalozi na uamuzi. Miezi sita si mingi.

La pili: barua yenu iseme yote. Jina kama lilivyo katika hati, tarehe, mahali, nani analipa tiketi, chumba, bima na ada ya viza, na jina la mtu wa kupigiwa simu ambaye atapokea simu. Ada ya viza ikisahauliwa, posho ya mwalimu wa kambi haiwezi kuifidia.

La tatu: kosa la jina katika kumbukumbu lisahihishwe kwa muda unaojulikana. Mwanafunzi akiambiwa rudi mwezi ujao mara tatu, na chuo kilimpa mwisho wa mwezi huu, tayari amejibiwa.

La nne: mtu anaposubiri hati, aambiwe ukweli wa mahali lilipo ombi lake. Sisi ni watu wa kusubiri, hilo tumelizoea. Kinachotuvunja ni kusubiri bila kujua kama karatasi iko njiani au imeanguka nyuma ya kabati. Na pale mtu asipopewa neno la kweli ofisini, ndipo dalali anapompa neno la uongo sokoni. Mlango wa ofisi ukiwa kimya, wa dalali husema sana.

Ndugu zangu, kambi hii ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza. Wako watoto waliozaliwa hapa ambao leo ni wazazi na hawajawahi kuvuka mpaka wowote. Sikuja kuwaambia kwamba ng'ambo ni peponi, wala kwamba kila mtu atapata viza. Wengi wetu hawataipata. Nimekuja kusema kwamba atakayeitwa asikose kwa sababu ya herufi moja, na asiyeitwa asipoteze mali yake, mwanawe au ukimbizi wake kwa mtu wa barabarani.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni hii, na ni ya leo jioni. Toeni kadi zenu, za watu wote wa nyumba. Zilinganisheni na vyeti vya shule na vya kuzaliwa: majina, herufi, tarehe. Penye tofauti, andikeni, na Jumatatu nendeni ofisini. Asiyejua kusoma amwite mtoto wake. Ndiyo kazi tuliyomfundishia. Kamati nayo imekubali kwamba kila Alhamisi mchana, darasani, baada ya wanafunzi kutoka, walimu wawili watakaa kuwasomea watu barua na fomu bila malipo.